Majina Saba ya Kiyunani: Neno kwa Jumuiya Kabla ya Kuchagua Wazee wa Kanisa

Mchungaji wetu, mwinjilisti, wazee mnaomaliza kipindi, mama zangu, vijana, nanyi nyote mliotumwa na jumuiya zenu kuja kwenye semina hii, Bwana Yesu asifiwe.

Nimepewa muda wa kuzungumza juu ya uchaguzi wa Baraza la Wazee utakaofanyika wiki mbili zijazo, na mchungaji aliponiita aliniomba kwa upole nisije kuwasomea katiba, kwa kuwa katiba mnayo na kipengele cha sifa za mzee wa kanisa kimekwisha kusomwa kwenye matangazo Jumapili tatu mfululizo. Ninamshukuru kwa kunipunguzia mzigo huo. Zile sifa zilizoandikwa kazi yake kubwa ni kutuonyesha nani asichaguliwe: asiyebatizwa, asiyeshiriki Chakula cha Bwana, aliye chini ya fundisho na hajarudi kundini. Ukishawaondoa hao, bado wanabaki Wakristo mia kadhaa wanaofaa kwa karatasi, na hapo ndipo tumekuwa tukikwama kila baada ya miaka minne.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6. Somo hili tunalisoma kila tunapochagua wazee na kila tunapowaingiza kazini, na karibu mara zote tunaanzia mstari wa tatu, penye watu walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho, na hekima. Mimi nimeusikia mstari huo kwa zaidi ya miaka thelathini kabla sijatulia nikasoma ile inayouzunguka. Mstari wa kwanza unasema palikuwa na manung'uniko. Wayahudi wa Kiyunani, yaani wenye kusema Kiyunani, waliwanung'unikia Waebrania kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Jambo lenyewe lilikuwa chakula, na mkono unaokigawa, na lugha anayoisema mwenye mkono huo. Sasa shukeni mpaka mstari wa tano, pale ambapo msomaji wetu wa zamu huwa anaharakisha kwa sababu majina yanamshinda ulimi: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani.

Najua mwanatheolojia aliyeketi pale mbele ataniambia kwamba hata kati ya wale Thenashara walikuwamo Andrea na Filipo, watu wa Galilaya wenye majina ya Kiyunani, na kwamba jina peke yake halithibitishi mtu anatoka upande gani. Ni kweli, na ningekubali kama wangekuwa wawili au watatu. Lakini ni saba kwa saba, na mmoja wao ametajwa waziwazi kuwa si Myahudi wa kuzaliwa. Kanisa la Yerusalemu, ambalo mitume wake wote walikuwa wenyeji wa nchi, halikuunda tume ya kuchunguza kama malalamiko yale yana msingi, wala halikugawa viti nusu kwa nusu ili kila upande unyamaze. Liliwakabidhi meza walewale ambao wajane wao walikuwa wanalala njaa.

Ndugu zangu, swali nililokuja nalo leo ni hilo tu: wajane wa Kiyunani wa usharika huu ni akina nani, na ni lini mara ya mwisho jina lao liliandikwa kwenye karatasi ya kura?

Niruhusuni niseme habari yangu mwenyewe, maana nisiposema mimi watasema wengine. Nilikuwa katibu wa baraza kwa vipindi viwili, katika usharika mwingine kabla sijahamia hapa. Usharika ule ulikuwa na mtaa ng'ambo ya mto, wakulima wa mpunga, kaya chache, wenye kanisa dogo la matofali ya kuchoma ambalo upepo wa mwezi wa tatu uliezua mabati yake karibu yote. Mwezi uleule baraza lilikuwa na hoja ya kununua spika mpya za kanisa kuu. Mwakilishi pekee wa mtaa ule alikuwa mama mmoja aliyefika kikaoni akiwa amevuka mto na viatu mkononi. Alisema maneno machache, kwamba spika zisubiri, mabati yatangulie. Hakuna aliyemjibu; mjumbe mmoja alisema muda umekwenda, hoja ikapita, na mimi nikaandika katika muhtasari, kwa mwandiko wangu mzuri nilioupenda: “Wajumbe wote waliafiki.”

Kikao kilichofuata, mwenyekiti alipouliza kama muhtasari una marekebisho, yule mama alisimama akasema, “Katibu, mimi nilikataa.” Nikamweleza kwamba hiyo ni lugha ya kawaida ya mihtasari. Akaketi. Watu wa mtaa ule waliabudu masika yote chini ya turubai lililofungwa kwa kamba za katani, na kila mwisho wa mwezi walileta sadaka yao usharikani, imefungwa kwenye leso, haijapungua. Nakala ya muhtasari ule ninayo nyumbani mpaka leo. Spika zile ziliungua kwa umeme mwaka wa pili.

Ninachotaka mkione hapo ni kwamba baraza letu halikuwa na watu wabaya. Tulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu, mhasibu, mwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, daktari, na mimi niliyekuwa ofisa wa halmashauri. Wote walishuhudiwa kuwa wema. Kosa lilifanyika miezi mingi kabla ya kikao kile, siku ya uchaguzi, tulipochagua watu wanaofanana, wanaokaa mitaa inayofanana na kuketi mabenchi yaleyale ya mbele katika ibada ya pili, kiasi kwamba mabati yaliyoezuliwa ng'ambo ya mto yalikuwa kwao habari ya kusimuliwa.

Tunachaguaje, kwa kweli? Tuseme ukweli ndani ya nyumba ya Bwana. Tunaangalia bahasha. Mwenye ahadi kubwa, aliyenunua kuku mmoja kwenye mnada kwa bei ya mbuzi, aliyeongoza harambee ya jengo, huyo jina lake linapendekezwa na jumuiya tatu kwa mpigo. Silaumu upendo wa watu kwa mtoaji; kanisa hili limejengwa kwa mikono ya namna hiyo na Mungu awazidishie. Lakini mtoaji mkubwa akiwa pia mpitisha matumizi, nani atamwuliza? Nimekaa kikaoni nikaona swali la kawaida kabisa, la risiti za saruji, linakwama kooni mwa wajumbe kumi na nane kwa sababu anayepaswa kulijibu ndiye aliyelipia nusu ya saruji yenyewe. Yakobo aliandika juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayeambiwa aketi mahali pazuri, na sisi tunausoma waraka huo kana kwamba unahusu mabenchi tu.

Tunaangalia pia cheo cha mtu serikalini au kazini, tukidhani aliyezoea kuamuru atajua kutumikia. Na katika miji yetu, ambako sharika zimejaa watu wa kila kona ya nchi, tunaangalia wa kwetu. Hili la tatu ninalipita haraka kwa sababu mnalijua kuliko mimi, na kwa sababu Matendo 6 imekwisha kulijibu.

Sasa nizungumzie kazi yenyewe, maana mtu hawezi kumchagulia mwenzake kazi asiyoijua. Wengi mnamwona mzee wa kanisa akipitisha kapu la sadaka na kuvaa vizuri siku ya ugeni wa askofu. Mngepaswa kumwona sakristia baada ya ibada. Usharika huo niliotoka ulikuwa na mzee mmoja, marehemu sasa, fundi cherehani, aliyesoma darasa la saba na kuishia hapo. Sadaka ikishamwagwa mezani alikuwa anazinyoosha noti moja moja kwa kiganja, kama anapiga pasi, anazipanga zote zitazame upande mmoja, na sarafu anazijenga minara ya kumi kumi. Jumapili moja hesabu yake na ya mtunza hazina zilipishana kwa shilingi 3,500. Tulikuwa na njaa, mvua inanyesha, na mtunza hazina alikuwa tayari kutoa fedha hizo mfukoni mwake ili tuondoke. Mzee yule alikataa kutia sahihi. Alisema, “Ukitoa za kwako, bado hatutajua za Bwana ziko wapi.” Tukaanza upya. Zilipatikana baada ya karibu saa nzima, ndani ya bahasha ya Shule ya Jumapili iliyodhaniwa kuwa tupu, zimekunjwa ndogo kama punje ya mahindi. Mtu wa namna hiyo hajawahi kuongoza harambee yoyote, na siku ya uchaguzi wake alipita kwa tofauti ya kura mbili.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani kabisa. Usharika ni mwajiri. Mlinzi, mhudumu wa ofisi na mwalimu wa chekechea ni waajiriwa, na kwa sheria ya nchi yetu michango yao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo mwajiriwa hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake; sehemu iliyobaki ni ya mwajiri, yaani sisi. Bajeti ya usharika inapitishwa na baraza. Kwa hiyo mlinzi anayekesha nje ya kanisa hili, akifika uzeeni akakuta michango yake ina mapengo, atakuwa amedhulumiwa na wazee waliokuwa wakipitisha taarifa ya mapato na matumizi bila kuuliza mstari huo mmoja. Huyo naye ni mjane wa Kiyunani. Chagueni walau watu wawili wanaoweza kusoma taarifa ya fedha na hawaoni haya kuuliza kilichomo, na mkumbuke kwamba kuweza kusoma hesabu si lazima uwe mhasibu. Mama anayeendesha kibubu cha wanawake ishirini kwa miaka kumi bila ugomvi anaijua hesabu kuliko wengi wenye vyeti.

Na kuna siri. Mzee huitwa usiku nyumba yenye ugomvi, husikia ya binti na ya baba yake, huketi kwenye mashauri ya wanaotaka kurudi kundini. Asiyeweza kunyamaza msimpeleke huko, hata akiwa na sifa nyingine zote. Namna ya kumjua ni rahisi: kumbukeni ni nani aliyewahi kuwasimulia habari za nyumba ya mtu mwingine, halafu mwacheni aendelee na kwaya.

Wako wanaodhani kwamba yote haya ni makubwa mno kwa walei, kwamba kanisa ni la mchungaji na mzee ni msaidizi wa kushika mwavuli. Historia yetu wenyewe sisi Walutheri wa Tanzania inakataa. Kule Buhaya, pande za Bukoba, wamisionari wa shirika la Betheli la Ujerumani walipofika mwaka 1910 walikuta tayari wako watu wanaosoma Injili na kukusanyika, na kati yao Andereya Kajerero, mtu asiye na kola wala joho. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, wamisionari wa Kijerumani wakaanza kuondolewa nchini, na kufikia mwaka 1920 wengi wao walikuwa wamekwenda. Ibada, shule na mafundisho ya ubatizo vikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika. Mwaka 1939 vita ya pili ikaanza na jambo likajirudia. Kwa hiyo makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mengi kati yake yalikwisha kuonja mara mbili kuishi bila mmisionari, yule aliyedhaniwa kuwa hayawezi kuishi bila yeye. Mzee wa kanisa katika nchi hii alitangulia kuwa mlinzi wa kundi kabla hatujamgeuza kuwa mpokea wageni.

Wenzetu wa upande wa Calvin, yule mwanamatengenezo wa Geneva, ingawa si wa madhehebu yetu, walikuwa na jambo moja ninalowaonea wivu. Utaratibu wa kanisa la Geneva wa mwaka 1541 uliweka wazee kumi na wawili, na ukaagiza wachaguliwe kwa namna ambayo kila sehemu ya mji itakuwa na mmoja wao, ili jicho la kanisa lifike kila mahali. Walikuwa wakali kupita kiasi katika walichokitazama, na nisingependa kuishi chini ya jicho lile. Lakini kuhusu ramani ya mji walikuwa sahihi.

Kuhusu mchungaji nitasema machache kwa kuwa yupo na ananitazama. Yeye ndiye mwenyekiti wa baraza letu. Baraza la watu wanaosema “ndiyo, mchungaji” mpaka kikao kinafungwa, kisha wakasimama chini ya mwembe na kusema “hapana,” linamwonea mchungaji kuliko linavyomheshimu. Tunahitaji watu ambao hapana yao inasikika mezani, inaandikwa katika muhtasari kama ilivyosemwa, na wakishindwa kwa kura wanatoka nje wakiwa wamelifunga jambo hilo. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, unasema asiwe mtu aliyeongoka karibuni asije akajivuna, na unasema watu wajaribiwe kwanza. Kujaribiwa huko, kwa maoni yangu, kunatazamwa hapo: alipowahi kushindwa, alifanyaje?

Vijana. Tumezoea kuchagua kijana mmoja, tunamwita mwakilishi wa vijana, tunamketisha karibu na mlango na kumtuma soda. Waendesha bodaboda wanaosali ibada ya kwanza kwa sababu ya pili inawakuta barabarani, na mabinti wa kazi za ndani ambao wanasali ibada hiyohiyo na kukimbia kurudi kupika, hao hawaji kwenye mikutano yetu ya usharika kwa sababu tunaiweka saa nne asubuhi. Kanisa letu liliamua mwaka 1990 kwamba wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na mwaka uliofuata wakabarikiwa wa kwanza; miaka zaidi ya thelathini baadaye, kwenye baraza nililolitumikia la wajumbe ishirini, akina mama walikuwa wanne, katika usharika ambao ukihesabu vichwa Jumapili yoyote wanaume tunaonekana kama wageni waalikwa. Mimi sikuuona upungufu huo mpaka yule mama wa ng'ambo ya mto aliposimama.

Basi mkirudi kwenye jumuiya zenu Jumatano hii, ombi langu ni kwamba msianze na majina. Anzeni na daftari la mahudhurio, mkaulizane: ni nani akikosekana tunajua siku hiyohiyo, na ni nani anaweza kukosekana miezi mitatu bila mtu kubisha mlango wake? Andikeni majina ya hao wa pili. Kisha ulizaneni ni nani kati yetu, bila kutumwa na baraza wala kupewa cheo, amewahi kubisha milango hiyo, au ni nani kati ya hao hao waliosahauliwa ana uwezo wa kuketi mezani na kusema. Jina mtakalolipata huko huenda halina gari. Huenda mkafikiri atazubaa mbele ya daktari na mwalimu mkuu. Mwacheni azubae vikao viwili. Cha tatu atauliza.

Mkishapata jina, mwendeeni mwenyewe nyumbani kabla hamjaliandika, mkamweleze kwamba vikao ni kila mwezi, kwamba ataitwa usiku, kwamba hakuna posho, na mpeni siku tatu za kuomba na kuzungumza na mwenzake wa ndoa. Akikataa, msimsukume kwa maneno ya kwamba anamkataa Mungu. Na wale wanaopita kwenye makundi ya simu wakiomba kura, wengine wakinunulia kwaya sare mwezi huu badala ya mwezi mwingine wowote, nadhani mnajua la kufanya na majina yao. Msichague pia mtunza hazina na katibu kutoka nyumba moja, hata wakiwa malaika wote wawili, kwa sababu siku shilingi 3,500 zitakapokosekana watahitaji mtu wa nje wa kuwashuhudia.

Karatasi za mapendekezo ziko kwa mwinjilisti pale mlangoni, kila jumuiya ichukue mbili, moja ya kujaza na moja ya akiba, na zirudishwe ofisini kabla ya ibada ya Jumapili. Nasikia jumuiya moja imekwisha kuzungumza kuniandika mimi. Nina miaka sabini na mbili na sikio langu la kushoto halisikii vizuri, kwa hiyo mlifute jina hilo, na badala yake muulize ni nani kati ya watu wa mtaa wa shamba, wale wanaoketi nyuma kwa sababu wanafika wamechelewa na vumbi miguuni, ambaye jana jioni alitembea kwa miguu hadi hapa kupanga viti hivi mlivyokalia.